Je, wajua kwa nini ganzi hukataa kushika kwa anayechelewa kwenda kwa daktari wa meno?

Mombasa jino likianza kuuma, kila nyumba ina dawa yake. Punje ya karafuu hubanwa juu ya gego bovu, maji ya chumvi yakasukutuliwa, vidonge vya maumivu vikamezwa, na safari ya kwa daktari ikasukumwa hadi mwisho wa mwezi. Maumivu yakitulia, safari hufutwa kabisa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa: "Mara ile nilidungwa sindano haikushika. Niling'olewa huku nasikia kila kitu."

Anayesema hivyo hadanganyi, wala si mwoga. Jambo hilo hutokea, na mara nyingi chanzo chake ni siku aliyochagua kwenda.

Dawa ya ganzi inayotumika sana ni lignokeni ya asilimia 2, ikitiwa adrenalini kidogo ili isisambae haraka. Haizimi maumivu mpaka ipenye utando wa neva, yaani mshipa wa fahamu, na sehemu inayoweza kupenya ni ile isiyo na chaji ya umeme. Mwilini penye afya, pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ikiwa 7.4, karibu robo ya dawa huwa katika hali hiyo, nayo yatosha. Penye usaha pana asidi. pH ikishuka hadi 6.5, kinachoweza kupenya ni kama asilimia 4 tu. Tena mishipa ya damu iliyotanuka kwa uvimbe huichukua dawa upesi, na neva yenyewe imeshachokozeka. Magego ya chini ndiyo magumu zaidi: mfupa wa taya ni mzito, kwa hiyo daktari hulazimika kulenga neva kuu kule nyuma, kabla haijaingia kwenye taya.

Basi aliyekwenda shavu limevimba alikutana na tiba hiyo katika hali yake mbaya kuliko zote, akarudi nyumbani na habari hizo, na wote waliomsikia wakaogopa. Jino lilelile lingezibwa miezi kadhaa nyuma, huenda asingekuwa na la kusimulia.

Tatizo ni kwamba jino halisemi mapema. Gamba lake la nje, enameli, halina neva, hivyo kuoza huanza kimyakimya. Uozo ukifika tabaka la pili, dentini, ndipo halua au maji baridi yanapochonyota. Mchonyoto ukikoma baada ya sekunde chache, kwa kawaida kuziba kunatosha. Maumivu yakikaa, yakapwita, yakakuamsha usiku, kiini cha jino kimeshavimba. Kiini hicho kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia, na ukilala shinikizo la damu kichwani huongezeka. Ndiyo maana jino hutesa zaidi kitandani.

Kisha siku moja linanyamaza, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Jino halijapona. Neva imekufa, na vijidudu vinateremka kupitia ncha ya mzizi hadi mfupani. Karafuu ina eujenoli, ambayo hutuliza neva kwa muda lakini haifiki kwenye chanzo. Antibiotiki ulizonunua duka la dawa nazo haziingii ndani ya jino lililokufa, kwa sababu damu haipiti humo tena. Zitapunguza uvimbe wa nje, halafu utarudi. Uvimbe ukiteremka chini ya kidevu, mdomo ukakataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kazi, usingoje kuche: nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa kama Coast General saa hiyohiyo.

Kwa mwenye hofu, ushauri wetu ni mmoja hasa: ziara ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu, wakati hakuna kinachouma. Sema hivyo unapoomba nafasi. Daktari atatumia kioo kidogo na chuma chembamba, pengine apige eksirei, na hakuna sindano. Chagua asubuhi, ule kwanza, na unywe dawa zako za presha au sukari kama kawaida. Wengi wanaozimia kwenye kile kiti ni kwa njaa na woga vikikutana. Mweleze daktari kama una mimba, pumu, ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Kubalianeni kwamba ukiinua mkono anasimama.

Siku ya sindano ikifika, omba jeli ya ganzi ipakwe kwanza na dawa isukumwe polepole, kwa muda wa dakika moja hivi. Moyo ukienda mbio kidogo ni adrenalini, hutulia baada ya dakika chache. Kwa gego la chini ngoja mpaka nusu ya mdomo wa chini ife ganzi kabisa, pengine dakika 5 hadi 10. Kama bado unasikia maumivu makali, sema. Kuna dozi ya nyongeza na kuna sehemu nyingine za kudunga.

Wengine hukwepa kusafishwa meno wakiamini kwamba kunayalegeza. Ukoga uliogandamana hula ufizi na mfupa polepole, huku wenyewe ukiyashikilia meno kama saruji. Ukitolewa, ulimi hugusa mianya na ulegevu uliokuwapo tangu zamani. Kadiri unavyouacha ndivyo mfupa unavyozidi kupungua.

Kabla ya kufungua mdomo, hakikisha daktari ana leseni ya mwaka huu ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno nchini Kenya. Kwa watu wengi kuangaliwa kila miezi 6 kunafaa. Mwenye meno mazuri daktari anaweza kumpa mwaka mzima.

Mtoto naye apelekwe jino la kwanza likishaota, kabla hajatimiza mwaka mmoja, akalie mapajani mwa mama na kuhesabiwa meno. Na nyumbani, akigoma kupiga mswaki au akizidisha mabuyu, asitishiwe kwamba atapelekwa kwa daktari akadungwe.