Jeti za bwawa hazitaki maji yamwagwe, na uongo mwingine ninaousikia kila siku

Wiki haipiti bila mtu kunipigia simu, "fundi, nshamwaga maji, njoo sasa ubadilishe zile jeti," yaani yale matundu yanayorudisha maji bwawani yakitoka kwenye filta. Nshamwaga! Yaani bwawa zima la kuogelea limeenda mtaroni kwasababu ya kiplastiki kinachoenea kiganjani, na ukiuliza nani kasema limwagwe utaambiwa fundi wa mwanzo, ama jirani, ama "kwani si ndo hufanywa hivo?" Basi leo nataka nilimalize hili, na mengine nitayagusa njiani maanake yako mengi.

"Lazima maji yatoke kwanza"

Hapana. Jeti nyingi za ukutani ziko sentimita 30 hadi 45 chini ya maji, ukilala pembeni mkono unafika. Na kinachochakaa ni vitu viwili tu, lile jicho linalozunguka na ile ringi ya thredi inayolishika, bodi yenyewe iliyozikwa kwenye zege haiharibiki kirahisi. Unazima pampu, na usizime kwa taima, zima kwa swichi kubwa, sababu taima hujiwashia saa yoyote wewe uko ndani ya maji. Alafu unafungua ringi, kuna kifunguo chake cha plastiki kinachoingia kwenye zile pengo, tafadhali weka chini hiyo bisibisi na nyundo. Jicho linatoka, unasugua thredi kwa mswaki mkuukuu, unatia jipya, unakaza kwa mkono. Kwisha.

Watu huogopa ati ukifungua tu maji yatarudi na bomba yajaze chumba cha pampu. Yarudi yaende wapi na bomba lishajaa na huko mwisho kumefungwa? Pampu ikizimwa maji yametulia pande zote. Shida itakuja pale chumba cha pampu kiko chini kuliko bwawa, na mtu kafungua kifuniko cha pampu ama filta saa hiyohiyo bila kufunga valvu, hapo ndo utaogelea na mota. Lakini hilo ni kosa la kufungua pampu, jeti haihusiki. Na yale mabwawa ya ovafloo, ya maji kufurika ukingoni, ambayo jeti ziko sakafuni, hapo ni miwani na kupiga mbizi, na Mombasa hii watu wa kupiga mbizi hawajaisha bado.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Bwawa la kawaida la nyumbani, mita 10 kwa 5, kina ukilisawazisha mita moja na nusu, ni lita 75,000. Boza la lita 10,000 litakuja mara nane ndo lijae, na kila mtu anajua maji ya Mombasa yalivo, mfereji ukitoka leo mshukuru Mungu. Kama ni bwawa la chumvi, lile lenye mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi, utaongeza kilo 225 hadi 300 za chumvi upya, juu yake klorini, juu yake asidi ya kushusha pH. Yote hayo ili ubadilishe jicho la plastiki. Hela hizo ungezitumia ungebadilisha jeti zote na kubaki na akiba ya miaka.

Na hela ndo hasara ndogo! Bwawa tupu karibu na bahari linaweza kuinuka. Ndio, zege lote. Ardhi ya huku ni matumbawe, ina vishimo vishimo, na visima vya karibu na ufuo au karibu na mikono ya bahari kama Tudor na Mtwapa, maji yake hupanda na kushuka bahari ikijaa na kupwa. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda zaidi ya mita 3. Maji yaliyo ndani ndo yanayolilaza bwawa chini, ukiyatoa na maji ya ardhini yako juu ya sakafu yake, umejitengenezea mashua. Kila mita moja ya maji hayo inasukuma juu kwa tani moja kwa kila mita mraba, kwa hivo sakafu ya mita 10 kwa 5 ni tani 50 zinasukuma kutoka chini usiku umelala. Likiinuka hata inchi mbili mabomba yashakatika, taili zimepasuka, na hakuna fundi wa kulirudisha mahali pake, ni kuvunja. Mabwawa mengine yana valvu ya chini kwenye dreni, lile tundu la sakafuni la kutolea maji, ya kuruhusu maji ya ardhini yaingie ndani badala ya kusukuma, lakini mengi ya zamani hayana, na penye nayo mara nyingi ilishapigwa simenti na mtu aliyedhani ni tundu la kuvuja.

Mtu wa Nyali juu kule kwenye mwamba ataniambia yeye maji ya ardhini yako mbali. Sawa, huenda ni kweli. Ila bwawa lako limetoka kwenye ubaridi wa maji limeingia jua la saa saba mchana la mwezi wa pili, taili zitatanuka, grauti ya katikati yake itaachia, na baada ya mwezi utaanza kuokota vipande chini. Kwani ulikuwa wataka kubadilisha jeti ama kujenga upya?

Kuna wakati maji yanashushwa, sikatai. Bodi ikipasuka ndani ya ukuta, unashusha maji mpaka chini kidogo ya jeti, nusu mita hivi, unaziba bomba kwa plagi ya mpira, unachimba pale pale. Kumwaga lote ni kazi ya kubadilisha taili ama plasta, na hiyo haifanywi masika mvua inanyesha, hungojewa kiangazi na maji mafu, bahari isipopanda sana, na hukaguliwa kwanza maji ya ardhini yako wapi. Anayekuambia "mwaga tu mzee" bila kuuliza lolote katika hayo, mpe chai umsindikize.

"Weka jicho lenye tundu dogo upate presha"

Hili nalo linanikera ingawa naelewa linatoka wapi, ukibana tundu maji yanatoka kwa kasi na mkono unahisi nguvu. Ila kasi na wingi ni vitu viwili. Tundu la nusu inchi lina robo tu ya eneo la tundu la inchi moja, ukibana yote pampu inasukuma kwa shida, maji yanayopita kwenye filta yanapungua, na geji ya presha ya filta inapanda. Keateka akiona geji imepanda anadhani filta imejaa uchafu anapiga bekiwoshi, yaani anaosha filta kwa kurudisha maji kinyume, kesho tena, kesho kutwa tena, maji yanamwagika na filta ilikuwa safi tangu Jumatatu. Bekiwoshi ni geji ikipanda kama psi 8 hadi 10 juu ya ilivyokuwa filta ikiwa safi, tena safi na jeti hizohizo zilizopo. Mabwawa mengi ya nyumbani jicho la robo tatu inchi linatosha. Ukitaka kuchanganya, changanya kwa akili: jeti za karibu na pampu tundu dogo, za mbali tundu kubwa, ili zote zitoe sawasawa.

"Zielekeze juu, zinapendeza"

Mameneja wa hoteli, hii ni yenu. Najua wageni wanapiga picha. Lakini jeti ikirusha maji juu inachanganya hewa na maji, gesi ya kaboni iliyomo inatoka, pH inapanda, nanyi mnabaki kununua asidi kila wiki na kulalamika kemikali siku hizi ni feki. Na maji ya chini yanakaa tu palepale, ndo maana ile kona ya kina kirefu huwa na utelezi. Kama bwawa ni la skima, ule mdomo wa ukutani unaofyonza uchafu wa juu, elekeza macho yote upande mmoja, chini kidogo, maji yazunguke bwawa zima na uchafu wa juu uende wenyewe kwenye skima. Chemchemi za kurusha maji mkitaka jengeni chemchemi.

"Jeti zatoa mapovu, zimekufa"

Jeti hazitengenezi hewa. Hewa inaingia upande wa kuvuta: maji yameshuka chini ya mdomo wa skima, ama oringi, ile duara ya mpira ya kuzibia, ya kifuniko cha pampu imekauka, ama kifuniko hakikukazwa. Anza hapo kabla hujaja dukani.

"Jicho halizunguki tena, nipe jipya." Pole pole. Maji ya visima vya huku yamejaa chokaa, jicho linashikana na ringi kwa ule ukoko mweupe. Litoe, liloweke kwenye siki usiku mzima, sugua, mara nyingi linarudi. Jipya nunua likiwa limepasuka, ama ukilikwaruza linatoa unga, hapo klorini na jua vishalimaliza. Na kama utatumia asidi ya bwawa badala ya siki basi iwe ndoo mbali kabisa na klorini, zikikutana zinatoa gesi ya kuua, hapo sifanyi mzaha.

"Bwawa limekuwa kijani kwasababu ya jeti mbovu." Ni mwani, na hutii klorini. Endelea.

"Chuma cha pua hakishiki kutu." Huku Pwani? Ile ya daraja la 304 kwenye bwawa la chumvi itakutolea madoa ya hudhurungi ukutani, ukipenda chuma sana tafuta 316, mimi plastiki nzuri yanitosha.

"Piga gundi ya bomba lisiibiwe na watoto." Aliyeanza hii sijui alikosewa nini na sisi mafundi. Jicho likigundishwa siku ya kubadilisha unavunja bodi, na bodi iko ndani ya zege, ndo hapo kazi ya dakika kumi inageuka ya siku tatu. Ringi ikilegea ni thredi chafu ama ringi imeisha. Basi.

"Mashimo ya ukutani yote ni jeti"

Hapa nisikilizeni vizuri. Lile shimo unalochomeka hozi ya vakyumu ya kufyonza uchafu wa chini linafanana na jeti kwa umbo na hata thredi, ila lenyewe linavuta. Nimekuta limewekewa jicho, na nimekuta liko wazi kabisa, watoto wanaogelea. Kidole cha mtoto, nywele, nguo, vyote vinavutwa, na mtu mzima hawezi kushindana na pampu. Ukiwa huna hakika, achilia jani la mwarobaini karibu na shimo pampu ikiwa inafanya kazi, likisukumwa ni jeti, likivutwa ni vakyumu. La vakyumu linataka kifuniko chake cha springi kinachojifunga chenyewe, na valvu yake ifungwe wakati wote hamsafishi. Kifuniko cha dreni ya chini nacho hivohivo, kikivunjika ama kikitoka pampu izimwe na mtu asiingie majini mpaka kirudi.

Mkienda dukani bebeni ringi kuukuu na jicho lake, msinitumie picha ya WhatsApp iliyopigwa juu ya maji mkiuliza "ni saizi gani hii". Kuna thredi za inchi moja na nusu, kuna za mbili, na ringi ya kampuni moja haiingii kila bodi ya nyingine. Na ile Vaseline wacheni ngozini, mafuta yake yanavimbisha mpira wa oringi, nunueni grisi ya silikoni, kikopo kimoja kitawatosha miaka.