Lamu: watu wachache, gharama kubwa

Fedha za kaunti zikishagawanywa, swali hili halikosi kunifikia: mbona Lamu, yenye watu wachache kuliko kaunti yoyote Kenya, inapata nyingi hivyo kwa kila kichwa? Hesabu ni kweli. Sensa ya 2019 ilipata watu 143,920. Mgao wake kutoka serikali kuu mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa takribani shilingi bilioni 3.1, mdogo kuliko wote katika kaunti 47. Gawanya: zaidi ya 21,000 kwa mtu. Nairobi haifiki 4,500.

Sababu moja imo kwenye fomula iliyotumika mwaka huo, kwani asilimia 20 ya fedha zilizopita humo ziligawiwa sawa kwa kila kaunti. Nyingine ni bahari. Lamu Mashariki ina watu 22,258 tu, nao wametawanyika Pate, Kiwayu, Kiunga na pembezoni mwa msitu wa Boni. Mjamzito akizidiwa usiku huko Faza, kisiwani Pate, kumvusha kunataka boti, petroli, nahodha anayejua mikondo, na pengine kungoja maji yajae. Gharama hiyo haipungui kwa kuwa wagonjwa ni wachache.

Waliobaki, 121,662, wako Lamu Magharibi, na wengi wao hawamo katika ule Mji Mkongwe wa kwenye picha. Wako bara: Mpeketoni, Hindi, Witu. Mpeketoni ilikua kutokana na mpango wa makazi wa miaka ya 1970, na leo Lamu ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa pamba. Ongeza simsim, mahindi na korosho. Anayesema Lamu inaishi kwa utalii hajavuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara.

Visiwani ni uvuvi. Kaskazi bahari hutulia na watu hupata. Kusi ikivuma, vyombo vidogo hukaa pwani. Msimu huo ndipo deni huzaliwa. Tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, humkopesha mvuvi nyavu na mafuta, kisha samaki wote huuziwa yeye, kwa bei yake, na deni hukatwa humo humo. Mapato ya mvuvi ukiyapima Februari peke yake, katikati ya kaskazi, utadhani mvuvi ndiye tajiri.

Takwimu inayonivutia zaidi ni ya jinsia: wanaume 76,103, wanawake 67,813. Kuzaliana hakuleti pengo kama hilo. Tangu 2009, idadi ya watu ilipanda kwa asilimia 42 hivi, ilhali nchi nzima ilipanda kwa 23. Hapo nauona mkono wa ujenzi wa bandari, iliyofungua gati la kwanza Mei 2021, na wa vikosi vya usalama vilivyopelekwa Boni tangu 2015. Wengi wa wafanyakazi na askari hao ni wanaume wanaopanga chumba au hulala kambini, familia zikibaki kwao. Kwa hiyo anayepanga madarasa aanze na jedwali la umri, kijiji kwa kijiji, na hiyo asilimia 42 awaachie wanaopanga maji na vyoo.