Oksidi ya nitriki ni nini, na ina kazi gani katika mishipa ya damu?

Oksidi ya nitriki ni gesi yenye molekuli ndogo sana, atomu moja ya naitrojeni na atomu moja ya oksijeni, ambayo mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe na kuitumia kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Katika mishipa ya damu ujumbe huo ni amri ya kulegea: seli zilizotandikwa upande wa ndani wa mshipa huitoa gesi, misuli laini iliyo nyuma yake huipokea na kulegea, mshipa hupanuka, na damu hupita kwa urahisi zaidi.

Gesi hii isichanganywe na nyingine mbili zenye majina ya karibu. Oksidi ya nitrasi ndiyo inayotumiwa na madaktari wa meno na katika vyumba vya upasuaji kupunguza maumivu, na naitrojeni dioksidi ni ile inayodhuru mapafu, ambayo kila mtu aliyesubiri gari jioni katika vituo vya teksi vya Kampala ameivuta pamoja na moshi wa magari. Hata oksidi ya nitriki yenyewe imo katika moshi huo, na ndiyo sababu wanasayansi wengi walikuwa wagumu kukubali kwamba uchafu wa hewa unaotoka kwenye injini ungeweza pia kuwa kitu ambacho moyo na mishipa haviwezi kuishi bila hicho.

Ili kuelewa inavyofanya kazi, ni lazima tuanze na utando unaoitwa endothelia. Huu ni utando wenye unene wa seli moja tu, unaofunika upande wa ndani wa mishipa yote ya damu. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni kifuniko tu kinachozuia damu isivuje, lakini sasa tunajua kwamba seli zake huhisi jinsi damu inavyosugua ukuta inapopita, hupokea kemikali zinazoletwa na damu hiyo, na hujibu kwa kutengeneza oksidi ya nitriki kutoka kwa asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo arginini. Gesi hupenya moja kwa moja hadi kwenye misuli, hushika kimeng'enya kimoja humo, nacho huzalisha kemikali inayoitwa saikliki GMP, ambayo hupunguza kalsiamu ndani ya seli ya msuli, na msuli usio na kalsiamu ya kutosha hauwezi kujikaza. Yote haya hufanyika kwa muda mfupi sana, kwa sababu gesi hii hudumu sekunde chache kabla ya kuharibika. Gesi hiyo hiyo huzuia pia chembe zinazogandisha damu zisishikamane na ukuta wa mshipa, na kwa hiyo mtu ambaye endothelia yake imeharibiwa na sigara, kisukari au presha ya miaka mingi hupata hasara mbili kwa pamoja: mishipa inayokataa kupanuka na damu iliyo tayari kuganda.

Mtu ambaye maisha yake ya utafiti yanaieleza dhana hii vizuri kuliko kitabu cha kiada ni Robert Furchgott, mtaalamu wa famakolojia, yaani elimu ya dawa, wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1916 mjini Charleston, South Carolina. Alipata shahada ya uzamivu katika baiokemia mwaka 1940, na kuanzia 1956 aliongoza idara ya famakolojia katika chuo cha tiba cha jimbo la New York kilichoko Brooklyn. Kifaa chake cha kazi kilikuwa aota ya sungura. Mshipa huo mkubwa ulikatwa kwa mzunguko hadi ukawa ukanda mrefu mwembamba, ukaning'inizwa ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, oksijeni ikibubujika kutoka chini, ncha moja ikiwa imefungwa mahali pamoja na nyingine ikivuta uzi uliounganishwa na kipimo. Dawa ilipodondoshwa ndani ya maji, mtafiti alitazama mchoro: mstari ukipanda, mshipa umejikaza, na ukishuka, umelegea.

Kwa njia hiyo alionyesha mwaka 1953 kwamba asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kupeleka ujumbe, huufanya ukanda wa aota ujikaze. Hapo palikuwa na tatizo ambalo kila mwanafunzi wa famakolojia alilijua, kwani ukimdunga mnyama aliye hai asetilikolini, mishipa yake hupanuka na presha yake hushuka. Vipi dawa moja ipanue mishipa ndani ya mwili na kuikaza ndani ya chombo cha kioo? Swali hilo lilibaki bila jibu la kuridhisha kwa miaka 25.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1978, pale fundi wa maabara yake alipokosea mpangilio wa jaribio. Alipaswa kuosha dawa ya kwanza iliyokuwa imeukaza mshipa kabla ya kuweka kabakoli, ambayo ni jamaa ya asetilikolini, lakini hakuosha, na mshipa ukalegea badala ya kukaza zaidi. Furchgott alipofuatilia aligundua kwamba tofauti ilitokana na jinsi mshipa ulivyoandaliwa. Safari hii walikuwa wametumia vipande vya mviringo kama pete, wala si kanda ndefu, na katika kuandaa kanda zile za zamani upande wa ndani ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia, kwa kidole au kwa karatasi ya kuchujia, hata endothelia yote ikabanduka. Mshipa wenye endothelia ulilegea, na uliosuguliwa ulikaza. Msuguo huo mdogo wa mkono, ambao hakuna aliyewahi kuuandika kama sehemu ya jaribio, ndio uliokuwa umeficha jibu kwa robo karne.

Wengi husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi naona bahati ilikuwa sehemu ndogo, kwa sababu mkuu mwingine wa maabara angemwambia fundi arudie jaribio na autupe mchoro ule, ilhali Furchgott alikuwa ameuzoea mshipa wa sungura kiasi cha kutambua mara moja kwamba kulegea kule hakukupaswa kuwepo. Baadaye aliondoa shaka kwa jaribio zuri sana: alichukua ukanda uliokwanguliwa endothelia, akaulaza uso kwa uso na ukanda mwingine ambao endothelia yake ilikuwa nzima, akaweka asetilikolini, na ule uliokwanguliwa ukalegea. Maana yake ni kwamba kuna kitu kilichotoka kwenye endothelia ya jirani na kuvuka hadi kwenye msuli. Yeye na John Zawadzki walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwaka 1980, Furchgott akiwa na umri wa miaka 64.

Kitu hicho ni nini, hakuna aliyejua. Kilitoweka kwa sekunde, na himoglobini, kile kitu chekundu ndani ya seli nyekundu za damu kinachobeba oksijeni, ilikizima kabisa. Mwaka 1986, katika mkutano uliofanyika Rochester, Minnesota, Furchgott na mtafiti mwenzake wa Marekani Louis Ignarro, kila mmoja kwa ushahidi wake, walipendekeza kwamba ni oksidi ya nitriki, na mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, liliipima gesi yenyewe ikitoka kwenye seli za endothelia. Ferid Murad, mtafiti mwingine wa Marekani, alikuwa ameshaonyesha tangu 1977 kwamba nitrogliserini, dawa iliyotumika kwa maumivu ya kifua kuanzia karne ya 19, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, hivyo Moncada aliachwa nje, na watafiti wengi waliona hakutendewa haki. Sioni sababu ya kuwapinga. Furchgott alifariki mwaka 2009.

Kwetu Uganda dhana hii ilihama kutoka maabarani hadi wodini kupitia malaria. Vimelea vya malaria vinapopasua seli nyekundu, himoglobini humwagika ndani ya damu na kuizima oksidi ya nitriki, kama ilivyozimika katika vyombo vya Furchgott. Wakati huo huo arginini hupungua, kwa hiyo mwili hupoteza gesi na malighafi ya kuitengenezea. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1996 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba watoto wenye malaria ya ubongo huzalisha gesi hii kidogo. Ilikuwa hoja yenye mantiki, basi, kuwapa watoto waivute. Majaribio mawili yalifanywa nchini, moja katika hospitali ya rufaa ya Jinja kwa watoto 180 na jingine Mbarara kwa watoto 92, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, na hayakuonyesha kwamba gesi hiyo ikiongezwa juu ya dawa za kawaida za malaria huleta nafuu iliyotarajiwa. Upungufu wa kitu mwilini unaweza kuwa wa kweli, na bado kukirudisha kwa njia ya mapafu kusisaidie. Kwa watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imekataa kufunguka baada ya kuzaliwa, gesi hiyo hiyo ni tiba iliyokubaliwa.

Kupasuka kwa seli nyekundu hutokea pia katika ugonjwa wa sikoseli, ulioenea zaidi mashariki na kaskazini mwa nchi, na hapo pia himoglobini iliyomwagika hula oksidi ya nitriki na kuifanya mishipa ibane. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wakiwa na chembe ya kurithi ya ugonjwa huo.

Siku hizi wapo wanaouza poda na vidonge vya kile wanachokiita kuongeza oksidi ya nitriki, wakiahidi kuponya presha. Presha haiachiwi poda hizo. Kilicho na msingi zaidi ni mboga za majani kama dodo (mchicha), ambazo zina naitreti nyingi. Bakteria walio juu ya ulimi huigeuza kuwa naitraiti, na mwili huweza kuigeuza hiyo kuwa oksidi ya nitriki. Lakini hata mboga hazichukui nafasi ya dawa alizoandikiwa mgonjwa.

Liko jambo moja ambalo kila familia yenye mgonjwa wa moyo inapaswa kulijua. Nitrogliserini, ambayo mgonjwa huweka kidonge chake chini ya ulimi kifua kinapobana, huongeza saikliki GMP katika misuli ya mishipa. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume ambayo wanaume wengi huinunua kimya kimya kwenye maduka ya dawa bila kumwona daktari, huzuia saikliki GMP hiyo hiyo isivunjwe. Zikikutana, mishipa hupanuka kupita kiasi na presha huweza kuporomoka hadi kuua. Aliyemeza sildenafili asitumie nitrogliserini kabla ya saa 24 kupita, na kwa tadalafili, dawa nyingine ya aina hiyo, muda huo ni saa 48. Akipatwa na maumivu ya kifua ndani ya muda huo, apelekwe hospitali mara moja na amwambie daktari waziwazi alichomeza, hata kama mke wake au shemeji yake yupo chumbani.