Kwa nini chanjo ya homa ya mafua hurudiwa kila mwaka?

Mkazi wa Dodoma anayejiandaa kwenda Hija hushauriwa achanjwe homa ya mafua, na aliyechanjwa mwaka jana hushauriwa achanjwe tena. Wengi huona hapo dalili kwamba chanjo ya kwanza ilikuwa hafifu. Wengine husema virusi hubadilika, wakaishia hapo, ilhali kirusi cha surua nacho hufanya makosa kinapojinakili, na bado chanjo nyingi za surua zinatokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mwanafunzi mmoja wa Marekani mwaka 1954. Tofauti iko katika sehemu ambazo kila kirusi kinaweza kuzibadilisha bila chenyewe kuharibika: protini za juu za surua zikibadilishwa sana hushindwa kazi, lakini mafua yana nafasi kubwa ya kujigeuza.

Kirusi cha mafua kimezungukwa na protini iitwayo hemaglutinini. Kichwani mwake mna kishimo kinachoishika seli ya njia ya hewa, nacho hubaki karibu vilevile, lakini kingo za kishimo hicho, ambako kingamwili nyingi, yaani protini za mwili zinazokamata virusi, hung'ang'ania, huvumilia mageuzi. Mlinzi wa mnada wa Msalato akiambiwa amtafute ng'ombe aliyeibwa mwenye pembe iliyopinda na baka jeupe begani, kisha mwizi akaikata pembe na kulipaka baka matope, ng'ombe atapita mbele yake akitembea kwa miguu ileile. Kwa virusi vya H3N2, aina mojawapo ya mafua ambayo hubadilika haraka kuliko wenzao, kubadilika kwa asidi amino moja tu, yaani kiungo kidogo kimoja cha protini, kando ya kishimo kumewahi kutosha kuzikwepa kingamwili, jambo la kustaajabisha kweli.

Shirika la Afya Duniani huteua virusi vya chanjo kila Februari na Septemba, na utengenezaji huchukua takriban miezi 6, muda ambao kirusi hakisubiri. Chanjo ikilingana vizuri na virusi vilivyopo, hupunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu wa 2014/2015 nchini Marekani, H3N2 ilipokwisha kugeuka, punguzo hilo lilikuwa takriban asilimia 19. Kutolingana hakuelezi kila kitu, kwa kuwa umri na maambukizi ya zamani nayo yana uzito, na H3N2 inayokuzwa ndani ya mayai ya kuku ili kutengeneza chanjo huweza kubadilika humo humo. Hata hivyo, aliyechanjwa akiugua mara nyingi huepuka hali mbaya zaidi, na kwa mzee anayekwenda kwenye msongamano wa Makka hilo pekee latosha kuwa sababu ya kurudia.