Uchimbaji data na utafutaji: watafiti wachanga wa Afrika wanafundishwa nini hasa?

Mtajie Mswahili neno "paa" peke yake, naye atakuuliza: paa lipi, au paa yupi? Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, kuna kupaa samaki magamba kabla ya kumtia chumvi, na kuna kupaa angani. Swali hilo dogo, "lipi au yupi", lina elimu kubwa ndani yake, maana upatanisho wa kisarufi peke yake umekwisha kutenganisha nyumba na mnyama. Kompyuta inayotafuta kurasa haiulizi. Inapokea herufi tatu, na hapo hapo inatakiwa iamue ni kurasa zipi, kati ya mamilioni, zije juu.

Elimu ya uamuzi huo huitwa utafutaji wa taarifa. Jirani yake ni uchimbaji data. Kuna juhudi za makusudi za kuwafundisha watafiti wachanga wa Afrika fani hizi mbili, na wengi wakisikia habari hiyo hudhani ni kozi ya kompyuta kama zile za kuchapa au kutengeneza tovuti. Ni jambo jingine kabisa, na linatuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na tofauti ya hizo mbili. Utafutaji huanza na mtu mwenye haja: mkulima anataka kujua kwa nini majani ya muhogo wake yamejikunja, mama anataka kujua kama homa ya mwanawe ni ya kukimbilia zahanati usiku huu. Mtu ana swali, na kazi ya mashine ni kumfikisha penye jibu. Uchimbaji data huanza na lundo: rekodi za malipo ya simu, vipimo vya mvua vya miaka 30, picha za majani. Mara nyingi hakuna aliyeuliza chochote bado. Mchimbaji wa Mirerani hupasua mwamba mwingi ili apate jiwe moja la buluu. Mchimba data naye hupekua rekodi nyingi ili aone mwenendo ambao jicho tupu lisingeuona. Vitendea kazi vya fani zote mbili siku hizi vimekuwa vilevile, yaani hesabu za takwimu na ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na mifano), ndiyo maana hufundishwa pamoja.

"Mtafiti mchanga" hapa ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au mhadhiri aliyemaliza shahada yake juzi na sasa anatafuta pa kusimama. Uchanga ni wa kazi. Umri unaweza kuwa wowote.

Mfano ulio wazi wa mafunzo haya ni ule unaojulikana kwa kifupi kama AFIRM, skuli ya kiangazi iliyoanzishwa na vikundi viwili vya chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ACM: kile cha utafutaji, SIGIR, na kile cha uchimbaji data, SIGKDD. Ilifanyika Chuo Kikuu cha Cape Town Januari 2019, ikarudi tena Januari 2020. (Januari ndiyo kiangazi cha kusini, kwa hiyo jina halina kosa.) Haikuwa peke yake. Data Science Africa ilianza Nyeri mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na mwaka 2017 ilifika Arusha. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, na mwaka 2019 ikakaribishwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Mikutano hii hutofautiana kwa mkazo, ila sura yake inafanana: siku chache za mihadhara asubuhi, mazoezi ya kuandika programu mchana, na nafasi kwa kila mwanafunzi kueleza utafiti wake mbele ya watu watakaombana kwa maswali.

Sasa, wanafundishwa nini? Jambo la kwanza ni faharasa, na hapa msomaji wa vitabu ana faida, kwa kuwa ameiona nyuma ya kitabu: neno, kisha kurasa linapopatikana. Injini ya utafutaji haisomi kurasa zote kila unapouliza. Imekwisha kuzisoma kabla, ikatengeneza faharasa kubwa mno, na wewe ukiuliza inafungua faharasa tu. Baada ya hapo linakuja suala la uzito. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge, alieleza wazo ambalo mpaka leo halijazeeka: neno linalopatikana kila mahali halisaidii kutafuta, na neno adimu ndilo linaloonyesha njia. Chukua makala 10,000 za kilimo. Neno "na" limo katika zote. Makala zote 10,000 ukizigawa kwa 10,000 zenye neno hilo unapata 1, na logi ya 1 (yaani 10 imezidishwa mara ngapi kuifikia namba hiyo) ni sifuri, kwa hiyo "na" halina uzito wowote. "Muhogo" limo katika makala 100. Unapata 100, na logi yake ni 2. "Batobato", ule ugonjwa unaotia majani mabaka na kuyakunja, limo katika makala 10 tu. Unapata 1,000, na logi yake ni 3. Mkulima akiandika "dawa ya batobato ya muhogo", mashine tayari inajua neno lipi la kulishika kwa mkono wa kulia.

Hesabu hiyo haina lugha. Matatizo huanza unapouliza: neno ni nini?

Kiingereza hubadilisha maneno yake zaidi mwishoni, na tangu miaka ya nyuma wataalamu waliandika programu za kukata miisho ili umoja na wingi vihesabiwe kitu kimoja. Ile ya Martin Porter ya mwaka 1980 imetumika ulimwengu mzima. Ukiileta programu hiyo kwenye Kiswahili inakata pasipo na kitu, kwa sababu sisi hubadilisha pia mbele na katikati. Kiongozi, viongozi, uongozi, mwongozo, aliyewaongoza, hawajaongozwa: yote yana mzizi mmoja, na kwa mashine isiyofundishwa ni maneno sita yasiyojuana. Mwanafunzi mwenye haraka husema, basi tukate viambishi awali. Anakata "wa-" kwenye "wakati" anapata "kati". Anakata "ki-" kwenye "kibali" anapata "bali". Anakata "ku-" kwenye "kuku", na ndege wa watu amebaki silabi moja. Hapa ndipo ninapoona thamani ya mafunzo kufanyika Afrika, na wanafunzi waliokulia ndani ya lugha hizi: Mkenya, Mtanzania na Mganda hawahitaji kuelezwa kwamba hilo ni kosa. Wanaliona kabla programu haijamaliza kazi.

Hata hivyo, naamini kiini cha mafunzo hakiko kwenye faharasa wala kwenye viambishi. Kiko kwenye kupima. Mtu yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kutengeneza injini ya utafutaji. Kazi ni kuthibitisha kuwa inafaa.

Wavuvi watanielewa haraka. Ukivuta juya unaleta kila kitu: changu, majani ya bahari, na takataka. Ukitumia mshipi unaleta samaki mmoja mzuri na kuacha mia. Katika utafutaji kuna vipimo viwili vinavyovutana namna hiyo. Kimoja huuliza: katika ulivyoleta, vinavyofaa ni vingapi? Kingine huuliza: katika vinavyofaa vyote vilivyomo baharini, umeleta vingapi? Tuseme zipo kurasa 20 zinazomfaa yule mkulima, mashine ikaleta kurasa 10, na kati ya hizo 8 zinafaa. Kwa kipimo cha kwanza imepata asilimia 80, kwa cha pili 40. Ni ipi bora inategemea anayetafuta. Anayetaka jibu moja la haraka atafurahi. Daktari anayekusanya kila taarifa kuhusu dawa moja atakuwa amekosa zaidi ya nusu.

Ila angalia: nimesema "zipo kurasa 20 zinazofaa" kana kwamba kuna aliyezihesabu. Ni nani? Jibu lilipatikana Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1960, pale Cyril Cleverdon na wenzake walipokusanya makala 1,400 za elimu ya ndege, wakaandaa maswali 225, na kuwaomba watu wenye ujuzi waseme makala ipi inajibu swali lipi. Makala, maswali na hukumu, vitu vitatu hivyo vikikaa pamoja ndivyo vinavyoitwa mkusanyiko wa majaribio, na fani nzima imejengwa juu yake. Tangu 1992, mashindano ya TREC nchini Marekani yamekuwa yakitengeneza mikusanyiko ya aina hiyo mwaka baada ya mwaka. Lugha isiyo na mkusanyiko haina kipimo, na mtafiti wake hawezi kuonyesha kwamba kazi yake ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana.

Uchimbaji data una funzo lilelile kwa sura nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya Uganda, walitoa hadharani picha zaidi ya 21,000 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani, zikiwa zimegawanywa katika makundi matano: magonjwa manne, na majani mazima. Picha zaidi ya 13,000 zilikuwa za batobato. Kwa hiyo programu isiyoangalia picha hata moja, inayojibu "batobato" kila ikiulizwa, ingepatia takribani mara 61 katika 100. Mwanafunzi akija na furaha kwamba programu yake imefikisha 65, mwalimu mzuri atampongeza kwa subira kisha atamuuliza: na kwenye majani mazima umepata ngapi? Ningependa swali hilo lifundishwe kila chuo kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kugusa hesabu ngumu zaidi.

Kiswahili, tushukuru, kimeanza kupata vipimo vyake. Mwaka 2020 ilitolewa seti ya maswali na majibu ya TyDi QA katika lugha 11, Kiswahili kikiwa mojawapo. Waandaaji hawakutafsiri maswali kutoka Kiingereza. Waliwaomba wazawa wa kila lugha waulize mambo ambayo wao wenyewe walitaka kuyajua na hawakuwa wamekwisha kuyaona majibu yake. Mwaka uliofuata seti hiyo ikageuzwa kuwa mkusanyiko wa utafutaji. Mwaka 2023 ukaja CIRAL, unaohusu Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba, ambapo swali huulizwa kwa Kiingereza na jibu hutafutwa ndani ya habari zilizoandikwa kwa lugha ya Kiafrika. Nako kuna Masakhane, jumuiya ya watafiti iliyoanza 2019, ambayo watu wake mwaka 2021 walitoa matini za lugha 10 zilizowekewa alama za majina ya watu, mahali na taasisi, Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo zikiwamo.

Kuna kikwazo kisicho cha kitaaluma ambacho kimesukuma sana kuwapo kwa skuli hizi: viza. Mwaka 2018 na 2019 watafiti wengi wa Kiafrika walioalikwa kwenye mkutano mkubwa wa ujifunzaji wa mashine nchini Kanada walinyimwa ruhusa ya kuingia. Mkutano mwingine mkubwa, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, korona ikauhamishia mtandaoni, na hatimaye ukafanyika Kigali mwaka 2023. Mtafiti mchanga anahitaji kukaa meza moja na waliomtangulia, na kuona kwamba nao hukosea. Kama hawezi kuwafuata, waje.

Narudi kwenye hukumu, maana ndiyo kazi ambayo hakuna wa nje anayeweza kutufanyia. Wape watu watatu swali "dawa ya kikohozi cha mtoto", na ukurasa unaoelekeza kuchemsha tangawizi na kuchanganya na asali. Wa kwanza atasema unafaa, hiyo ndiyo dawa aliyopewa na bibi yake. Wa pili atasema haufai, aliyeuliza anataka dawa ya dukani. Wa tatu, muuguzi, atauliza mtoto ana umri gani, kwa sababu asali hapewi mtoto chini ya mwaka mmoja, na swali halikusema. Hakuna kati yao asiyejua Kiswahili. Kuna hesabu ya kupima watoa hukumu wanakubaliana kwa kiasi gani, kwa watu watatu inaitwa kappa ya Fleiss, na mwanafunzi atafundishwa kuikokotoa kwa dakika kumi. Ikitoka ndogo, arudi kwenye karatasi ya maelekezo aliyowapa wale watatu, aandike upya maana ya "unafaa", kisha awaombe wahukumu tena tangu ukurasa wa kwanza.