Mombasa haina mto, lakini mito ndiyo iliyoijenga

Mgeni akisimama Likoni kungoja feri, mara nyingi huuliza: mto huu waitwaje? Hujibiwa kwamba ni bahari. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kupima maji yaliyo chini ya ardhi, naona hajakosea sana. Hapo palikuwa na mto kweli.

Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa mita 120 hivi. Mito iliyoteremka kutoka bara ilichimba mabonde ikiifuata bahari huko ilikokuwa. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, maji yakapanda yakayameza mabonde hayo. Ndiyo mahori, yaani mikono ya bahari, yanayokizunguka kisiwa chetu: Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili. Mto Mwache bado unamwaga Port Reitz, na Kombeni unamwaga Tudor. Na kwa kuwa matumbawe hayastahimili maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wala tope, mwamba umeacha mlango mbele ya mahori. Meli zote za Mombasa huingia kwa mlango huo.

Kilindini ni penye kilindi, yaani maji marefu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi hayakuwa na haja ya kina hicho. Yalitosheka na Bandari ya Kale, na maji yakitoka yalipwelewa yakakarabatiwa hapo hapo. Meli kubwa za chuma ndizo zilizohitaji kina. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilianzia upande wa Kilindini, na gati za maji marefu zilipofunguliwa mwaka 1926 mzigo ulikwisha kuupa mgongo Mji wa Kale. Maghala yakafuata, kisha viwanda vya Changamwe.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Chini ya kisiwa, maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kawaida, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake. Basi ukivuta kwa pampu ukayashusha mita 1 tu, chumvi inaweza kukupandia mita 40. Kosa la kuvuta kwa pupa hulipwa kwa miaka.

Kwa hiyo mji ulipokua ulilazimika kuyafuata maji mbali: kwanza Marere, kwenye milima ya Shimba, baadaye Mzima, ambako mvua ya milima ya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkano na kuchomoza Tsavo, kisha husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililokamilika miaka ya 1950, halafu Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki.

Kuna kisima kimoja uani, Mji wa Kale, ambacho nimekipima mara nyingi. Maji yake hupanda na kushuka yakifuata kujaa na kupwa kwa bahari, saa chache nyuma yake. Nikamwamkia bibi mwenye nyumba na kumwuliza kama huyanywa. "Haya ni ya kufulia, mwanangu," akaniambia. "Chai yayakataa." Mlangoni ilikuwa mitungi mitano ya lita 20, ndio kwanza imeshushwa kwenye mkokoteni.