Mwanangu Ana Nafasi Kiasi Gani? Kukadiria Udahili wa Vyuo Vikuu Vyenye Ushindani Mkubwa

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa mwezi Julai, wazazi kutoka Marangu, Kibosho, Arusha mjini na hata Karatu hufika kwenye dawati letu la ushauri wa taaluma hapa Moshi wakiwa na swali moja: mwanangu amepata Daraja la Kwanza kwa pointi 3, je, Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani kitamchukua? Ni swali la haki, na linastahili jibu la uangalifu zaidi kuliko lile la mawakala wanaotoza fedha na kumtajia mzazi asilimia 70 au 80 kabla hawajasoma hata insha ya mwombaji.

Pa kuanzia ni kutenganisha sifa na nafasi. Wazazi wa Kilimanjaro wanaijua tofauti hiyo kupitia udaktari. Mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia usiopungua pointi 6 (hizi si pointi za daraja, ambako A huhesabiwa 1; hapa A huhesabiwa 5), lakini aliyeuona ushindani wa vyuo vya udaktari vya KCMC au Muhimbili hawezi kudhani kwamba pointi 6 zinampatia mtoto kiti. Kigezo cha chini humruhusu mtu kuomba. Hakimwambii kama atapata.

Harvard hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Walioomba kuanza masomo mwaka 2024 walikuwa 54,008, wakadahiliwa 1,937, yaani chini ya 4 katika kila 100. Hata hivyo, wastani huo si nafasi ya mwombaji yeyote mahususi. Takwimu zilizowekwa wazi katika kesi ya kupinga utaratibu wa udahili wa chuo hicho, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua Juni 2023, zilionyesha kwamba katika miaka iliyochunguzwa, wanamichezo waliosajiliwa na makocha walidahiliwa zaidi ya 8 katika kila 10, na watoto wa watu waliosoma hapo karibu theluthi moja. Ukiyaondoa makundi hayo, waliobaki wako chini ya wastani unaotangazwa. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts huko huko Marekani, ni mfano mwingine: kwa ujumla hudahili kati ya 4 na 5 katika kila 100, lakini kwa waombaji wa kimataifa ni karibu 2 tu. Mwanafunzi wa Tanzania aanzie kwenye namba hiyo ya pili, kisha aulize ni nini kinaipandisha au kuishusha kwake yeye.

Jambo la kwanza linaloishusha ni fedha, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Vyuo vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, humwamulia mwanafunzi wa nje bila kutazama kama familia yake inaweza kulipa, kisha hufidia pengo lote la gharama. Vyuo vingine vingi hutazama. Fomu ikiuliza familia itachangia kiasi gani kwa mwaka, na mzazi akaandika dola 1,000 mahali ambapo gharama inazidi dola 80,000, mwanafunzi huyo anashindania fungu dogo la msaada na wenzake kutoka dunia nzima. Asiongeze namba kwa kutunga, kwa sababu deni la uongo huo litamfuata. Abadilishe orodha ya vyuo.

Alama za SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo, ambazo Harvard na MIT wamerudisha sharti lake, nazo zina uzito, ila husomwa pamoja na mazingira ya shule. Hapo ndipo wanafunzi wetu hujipunguzia nafasi bila kujua. Tuliwahi kupitia faili la binti wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kutoka Uru ambaye insha yake ya kwanza ilieleza ndoto ya kuleta maendeleo Afrika, insha ambayo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Tulipomuuliza anafanya nini likizo, alisema humwandikia babu yake zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Akatuletea daftari lenye majina ya kaya, saa za kufungua na kufunga maji, na alama nyekundu kwa kila siku ambayo maji hayakufika kwenye migomba ya chini. Alikuwa ameona kwamba alama nyekundu zinaangukia kaya zilezile tatu, akawashawishi wazee wabadilishe zamu mbili. Mwalimu wake wa Kemia, ambaye awali aliandika kwamba ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii, aliandika upya kwamba binti huyo alirudia jaribio la titresheni mara tatu kwa sababu usomaji wa bureti, mrija wa kupimia kimiminika, haukumridhisha. Hakuna namba ya uaminifu inayoweza kuwekwa juu ya badiliko hilo, lakini msomaji wa faili sasa anamwona mtu.

Kosa jingine ni la hesabu. Mwanafunzi anaomba vyuo 10, kila kimoja kikiwa na nafasi ya 5 katika 100, akajumlisha na kupata 50. Kama maamuzi ya vyuo hivyo yasingehusiana kabisa, nafasi ya kupata angalau kimoja ingekuwa takribani 40. Lakini yanahusiana: ni insha ileile, barua zilezile, alama zilezile na uhitaji uleule wa fedha, hivyo dosari iliyomo itasomwa kote. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba maombi ya vyuo vya nchini kupitia utaratibu wa TCU, pamoja na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) kwa anayeuhitaji, yasicheleweshwe hata siku moja kwa kusubiri majibu ya nje.

Vyuo vingi vya aina hii hufunga maombi karibu na tarehe 1 Januari. Anayeomba akiwa bado Kidato cha Sita hutegemea matokeo ya Kidato cha Nne na makadirio ya walimu, na makadirio ya A tupu huku mtihani wa majaribio (moki) ukisema vingine humharibia yeye na watakaomfuata kutoka shule hiyo. Kwa wengi tunapendelea asubiri matokeo ya Julai, amalize mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), aombe akiwa na cheti mkononi. Njia yoyote atakayochagua, mwalimu wa taaluma aombwe barua kabla Oktoba haijaisha, kwa kuwa shule zikishafungwa Desemba anayetuma barua hizo huwa ameshakwenda kwao.